Jino Lisilo na Namba

Kiswahili chetu kina maneno machache sana ya asili ya kutajia rangi. Ukiondoa nyeupe, nyeusi na nyekundu, nyingi ya zilizobaki tumezipa majina kwa kuonyesha kitu. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda la mzambarau, na manjano ni kile kiungo kinachotiwa kwenye mchuzi. Anayekutajia rangi kwa Kiswahili kwa kweli anakuambia: tazama kitu kile, kisha ulinganishe. Nimeitumia lugha hii kwa zaidi ya miaka 60 bila kuona kwamba jambo hilo lina uzito wowote. Nililitambua pale ilipobidi watu watatu, tena mmoja wao akiwa na mashine mkononi, waamue jino langu lina rangi gani.

Mwulize mtu yeyote rangi ya meno, naye atakujibu bila kusita kwamba meno ni meupe. Lakini chukua karatasi safi ya kuandikia uisogeze karibu na meno ya mtu, hata yule unayemsifu kwa tabasamu lake, utaona kwamba weupe huo una umanjano ndani yake, una ujivu, na kwenye ncha kuna sehemu inayokaribia kupitisha mwanga kama kioo chenye ukungu. Tabaka la juu, yaani enameli, halina rangi nyingi la lenyewe. Umanjano unatoka chini yake, kwenye dentini. Kwa hiyo kile tunachokiita rangi ya jino si rangi iliyopakwa juu kama ukuta unavyopakwa chokaa. Ni mwanga ulioingia ndani, ukatawanyika humo, kisha sehemu yake ikatoka na kutufikia machoni. Hapo ndipo ilipo taabu ya anayetakiwa kutengeneza jino moja tu la mbele lifanane na jirani yake. Wenye kazi hiyo wanasema kwamba afadhali wapewe meno yote ya mbele wayatengeneze upya, kuliko kupewa moja.

Mimi nina taabu nyingine juu ya hiyo. Nimezaliwa Arumeru, mashariki ya Mlima Meru, si mbali na Maji ya Chai. Maji ya upande ule yanapita katika miamba ya volkano na kubeba floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita moja; kwetu kuna vijito na chemchemi zinazopita kiwango hicho mara nyingi. Mtoto akiyanywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yangali yanajijenga ndani ya taya, enameli yake haikomai vizuri. Meno huota yakiwa na michirizi myeupe kama chaki, na wale walioathirika zaidi huwa na mabaka ya kahawia, wengine hata meusi. Hayatoki kwa mswaki, wala kwa mkaa, wala kwa magadi. Nilipokwenda kusoma sekondari mbali na nyumbani, wenzangu walijua nitokako kabla sijataja jina la kijiji. Nilijifunza mapema kucheka huku mkono uko mdomoni, na ukipitia picha zangu za ujana hutaona jino hata moja.

Mwaka 2022, nikiwa Dar es Salaam kwa binti yangu, nilikuwa nikimenya muwa kwa meno pamoja na wajukuu, na jino la mbele la kushoto likakatika nusu. Mzizi ulikuwa mzima. Daktari aliyenipokea katika kliniki moja ya hapo mjini alikuwa mwanamke kijana. Aliniamkia, nikaitika marahaba, akatazama kwa makini, kisha akasema mzizi utatibiwa na juu yake litavishwa umbo la kauri, mfano wa kofia. "Tatizo letu, mzee," alisema, "halitakuwa umbo. Litakuwa rangi."

Alianza na kifaa cha zamani. Ni ukanda wenye vijino vya mfano 16 vilivyopangwa kama vitana vya ngoma, kila kimoja kikiwa na herufi na namba. Vya herufi A vina wekundu wenye ukahawia, B vina wekundu wenye umanjano, C ni vya kijivu, na D ni vya wekundu wenye ujivu. Namba inavyopanda ndivyo rangi inavyokolea. Ukanda huo hutengenezwa na kampuni ya VITA ya Ujerumani, na mpangilio wake umetumika tangu mwaka 1956. Tangu hapo madaktari wa meno na mafundi wa maabara katika nchi nyingi wamezungumza lugha hiyo: wakisema A2 wanaelewana. Nikacheka moyoni. Wajerumani nao, pamoja na elimu yao yote, walikuwa wamefanya lile lile tulilolifanya Waswahili. Badala ya kuieleza rangi, wamekuonyesha kitu na kukuambia ulinganishe.

Si kwamba hawakujaribu njia nyingine. Mapema mwaka 1905 mchoraji na mwalimu wa sanaa wa Marekani, Albert Munsell, alikuwa ameonyesha kwamba rangi yoyote inaweza kuelezwa kwa mambo matatu: ni ya aina gani, ina mwangaza kiasi gani, na imekolea kiasi gani. Mwaka 1931 daktari wa meno wa Marekani, Clark, aliandika makala ya kutaka meno nayo yapimwe hivyo. Mawazo yake yalikaa miaka mingi bila kufuatwa na wengi. Mwaka 1998 kampuni ile ile ya VITA ilitoa ukanda wa pili, ambao unamtaka mtu achague kwanza mwangaza, kisha ukolevu, na aina ya rangi iwe ya mwisho. Utaratibu huo una maana, kwa sababu jicho la binadamu hugundua tofauti ya mwangaza upesi kuliko tofauti nyingine. Jino likiwa jeupe au jeusi kupita jirani yake, hata aliye ng'ambo ya barabara ataona.

Daktari alisogeza vijino vile mdomoni mwangu kimoja kimoja, karibu na dirisha, haraka haraka. Nilimwuliza kwa nini ana haraka. Alinijibu kwamba jicho huchoka. Ukikazia rangi moja kwa muda, jicho linaizoea na kuanza kukudanganya, kwa hiyo hutazama sekunde chache, kisha hutazama kitu cha kijivu ili jicho lipumzike. Aliniambia pia kwamba hufanya kazi hiyo kabla ya kuanza matibabu yoyote, maana jino likikaa wazi dakika chache tu hukauka na kuwa jeupe kuliko lilivyo, na weupe huo hauondoki papo hapo. Anayechagua rangi baada ya kumaliza kuchonga amechagua rangi ya jino lililokauka. Kisha kuna taa. Vitu viwili vinaweza kufanana kabisa chini ya taa ya ndani na kutofautiana vikitoka juani. Nadhani kila mwanamke aliyewahi kununua uzi wa kushonea dukani na kufika nao nyumbani analijua hilo.

Mwishowe alisema A3.5. Msaidizi wake, aliyekuwa amesimama pembeni, akasema yeye anaona C3. Hawakugombana. Nilikuja kusoma baadaye kwamba kutofautiana kwa namna hiyo ni kawaida. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2002, watu watatu walipewa kazi ya kuchagua rangi ya meno ya wagonjwa 30 kwa macho. Wote watatu walikubaliana katika asilimia 26.6 tu ya wagonjwa. Mashine ilipopima meno hayo hayo mara tatu, ilitoa jibu lile lile kwa asilimia 83.3.

Basi na kwangu ikaja mashine. Jina lake ni spektrofotometa, nayo imefanana na mswaki mnene wa umeme. Ncha yake ina upana wa milimita chache. Inagusishwa kwenye jino, inatoa mwanga wake yenyewe, kisha inapima ni kiasi gani cha mwanga huo kimerudi katika kila sehemu ya upinde wa mvua, kuanzia urujuani hadi wekundu. Haijali dirisha liko wapi wala kama mpimaji amelala vizuri usiku. Matokeo yake ni namba tatu, kwa utaratibu uliokubaliwa na Tume ya Kimataifa ya Mwanga mwaka 1976. Namba ya kwanza ni mwangaza, kutoka 0 ambayo ni weusi hadi 100 ambayo ni weupe. Ya pili inaonyesha kama rangi imeelemea wekundu au ukijani, na ya tatu kama imeelemea umanjano au ubuluu. Rangi ikishakuwa namba tatu, inakuwa kama nukta kwenye ramani, na umbali kati ya nukta mbili unaweza kupimwa.

Hapo nilihisi niko nyumbani, maana nilikuwa mpima ardhi wa serikali kwa miaka 34. Nimebeba theodolaiti milimani na mabondeni, na ninajua furaha ya kupata namba. Lakini kazi hiyo hiyo ilinifundisha kutofautisha mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. La kwanza ni chombo kurudia jibu lile lile kila unapopima. La pili ni jibu hilo kuwa la kweli. Ukianzia upimaji wako kwenye bikoni iliyosogezwa na trekta, utapima mara 10 na kupata jibu moja mara 10, na kiwanja bado kitakuwa kimeingia shambani kwa jirani. Chombo hakina kosa. Kimerudia kwa uaminifu uongo uliokipa mwanzoni.

Daktari aligusisha ncha ya mashine sehemu tatu za jino langu zima, lile la kulia, ambalo lilikuwa ndilo la kuigwa. Karibu na ufizi mashine ilisema A4. Katikati ilisema A3. Karibu na ncha, kwenye mchirizi wa chaki, ilisema B1, ambayo ni miongoni mwa rangi nyeupe kabisa katika ukanda ule. Akarudia, na majibu yakawa yale yale. Nilimtazama, naye akanitazama.

Nilipopata nafasi nilijisomea zaidi, kama afanyavyo mstaafu asiye na haraka. Mwaka 2009 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuvijaribu vifaa vinne vya namna hii. Kwa kurudia jibu, vitatu kati yake vilipata zaidi ya asilimia 96, na cha nne 87.4. Kwa usahihi, hali ilikuwa nyingine: cha kwanza kilipata asilimia 92.6, kingine 84.8, kingine 80.2, na cha mwisho 66.8. Kile kilichokuwa hodari kupita vyote kwa kurudia, kwa asilimia 99, hakikuwa cha kwanza kwa usahihi. Bikoni yangu ile ile.

Lakini lililonikalia kichwani zaidi ni namna walivyojua usahihi wenyewe. Vifaa vile havikupima meno ya watu. Vilipima vijino vya mfano vya kiwandani, vimeshikiliwa mahali pamoja, mbali na mate na ulimi na midomo. Jibu sahihi lilikuwa linajulikana kabla ya kupima, kwa sababu kila kijino kimeandikwa jina lake. Mashine ikipima kijino cha A3 na kusema A3, imesema kweli. Je, kwenye jino langu jina limeandikwa wapi? Mashine yenye majina 16 haiwezi kusema "sijui". Itatafuta jina lililo karibu kuliko yote na kulitaja, hata kama karibu huko ni mwendo wa siku nzima. Tena ule mdomo wake mdogo una tatizo lake. Kwa kuwa jino hupitisha mwanga, sehemu ya mwanga unaoingia hutawanyika pembeni na kutokea nje ya ncha, mahali ambapo mashine haiwezi kuuona. Mwanga uliopotea huhesabiwa kama giza. Jino lililopinda, tena lenye mabaka, humfanyia mpimaji kama mlima wenye korongo unavyomfanyia mpima ardhi.

Hayo simwandikii mtu aione mashine kuwa haina maana. Kwa meno ya watu wengi inasaidia sana. Daktari akiwa mjini na maabara ikiwa mkoa mwingine, namba tatu husafiri bila kubadilika, ilhali maneno "manjano kidogo" hubadilika yakivuka chumba tu. Inamsaidia pia fundi kukagua kazi yake kabla ya kuituma. Na kuna watu wasioona rangi sawasawa bila wao wenyewe kujua. Miongoni mwa wanaume wa Ulaya wanafika karibu 1 kati ya 12, na kwetu Afrika ni wachache kuliko hapo lakini wapo. Hao mashine inawafaa kama miwani inavyonifaa mimi. Ila mtu anayekuambia kwamba sasa rangi ya jino imekwisha kuwa hesabu tupu, mwulize kwanza hesabu hiyo ilianzia kwenye bikoni gani.

Siku ya pili daktari alikuja na pendekezo. Tuyafunike meno sita ya mbele yote kwa kauri, tuchague rangi moja nzuri, na habari ya mabaka iishie hapo. Binti yangu, aliyekuwa amekaa nami, alichangamka. "Baba, umeficha mdomo wako maisha yako yote. Hii ni bahati." Hakukosea. Nilikaa kimya kwa muda. Nilifikiri picha zile za ujana, na msichana mmoja ambaye sikuwahi kuzungumza naye kwa sababu hiyo tu. Kisha nikauliza kama meno yale matano mengine yana ugonjwa wowote. Daktari akasema hapana, ni mazima, ila itabidi yachongwe ili kauri ikae. Nikamwambia: "Mwanangu, nilistaafu nikiwa sijawahi kuvunja nyumba nzima kwa sababu kiwanja kimoja hakikukaa sawa. Tengeneza hili lililovunjika."

Sisemi kwamba aliyechagua vingine amekosea. Kijana wa miaka 20 anayetafuta kazi na mchumba ana hesabu zake, na dunia haijawa na huruma kwa meno ya kahawia. Mimi nilikuwa nimekwisha kuoa, kuajiriwa na kustaafu nikiwa na meno haya haya.

Kwa hiyo daktari alimwita fundi wa maabara aje mwenyewe. Alikuwa kijana wa Moshi. Alipoona mdomo wangu alisema neno moja tu: "Arumeru?" Nikaitikia. Hakuushika ukanda kwa muda mrefu. Alipiga picha kadhaa kwa kamera, huku ameweka kando ya jino kijino kimoja cha mfano na kikadi cha kijivu. Alinieleza kwamba kamera, hata ya simu nzuri, hujirekebishia rangi yenyewe kwa kadiri inavyodhani. Kikadi cha kijivu kinachojulikana kipimo chake ndicho kinachoiwezesha kompyuta kuirudisha picha kwenye ukweli. Kisha akachukua penseli na kuchora jino langu kwenye karatasi, kubwa kama kiganja, akaligawa vipande kama ramani: hapa kahawia, hapa chaki, hapa mwanga unapita. Namba za mashine aliziandika pia, kila moja mahali pake. Nilipoutazama mchoro ule nilijua kwamba sasa kiwanja kimepimwa.

Jino lilikuja baada ya wiki mbili. Kuna namba zinazosema lifanane kiasi gani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, ilionekana kwamba tofauti ya rangi ikifika kipimo cha 1.2 kwa ule utaratibu wa 1976, nusu ya watazamaji huiona, ikifika 2.7, nusu yao huikataa. Nilipenda uungwana wa namba hizo. Hazisemi kwamba tofauti ipo au haipo. Zinasema kwamba nusu ya watu wataona na nusu hawataona, na nani yuko nusu ipi, hilo mashine haikujibu.

Nimeijua nusu hiyo mwenyewe. Binti yangu, chini ya taa za sebuleni, hakutambua lolote. Mke wangu alisema limekaa vizuri. Niliporudi Arumeru, dada yangu mkubwa alinikalisha barazani saa sita mchana, akanishika kidevu kama mtoto, akanigeuza juani, na kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye jino lenyewe. "Hili limekuja juzi," alisema. "Halijanywa maji ya kwetu vya kutosha." Tukacheka sana, yeye kwa meno yake na mimi kwa yangu, na baada ya muda nikaona kwamba mkono wangu ulikuwa bado uko gotini.

Siku hizi nyumbani kwa dada kuna ndoo ya kuchujia maji yenye mkaa wa mifupa, ambao hunasa floraidi. Wajukuu wake wadogo wamekunywa maji hayo tangu wakiwa wachanga. Yule mkubwa wao ana miaka 9 na meno yake ya mbele ya ukubwani yameshaota, safi, bila baka hata moja. Akienda kwa daktari wa meno siku moja, mashine itampa namba kwa mguso mmoja, na namba hiyo itakuwa ya kweli. Nilimwomba acheke nimtazame, akacheka mdomo wazi, bila kufikiri.